Nilifanya mazoezi ya mafumbo ya akili ili nipite test ya kazi, yakanisaidia siku Papa alipopotea

Wakuu, nawasalimu kutoka Likasi, Haut-Katanga. Wakubwa nawaamkia, wadogo hamjambo.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, mwandishi wa leo. Kiswahili changu ni cha Katanga, kimelelewa pamoja na Kifaransa, kwa hiyo nimejitahidi kuandika kwa namna ambayo ndugu wa Dar, Mombasa na Bujumbura watanielewa. Pale watu wanapoongea, nimewaacha waongee walivyoongea. Nikikosea ngeli mnivumilie, kwetu ngeli si jambo la kugombania.

Haya yamenikuta mwenyewe na chumvi sikuongeza, iliyomo ni ile ya machozi.

Niliona mdau mmoja anauliza kama haya mafumbo ya kufikiri kweli yananoa akili au ni kupoteza muda tu. Nikaanza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi wangu.

Twende taratibu.

Mimi ni mwanamke, nimeshapita thelathini, sijaolewa. Jina la nyumbani ni Fifi. Naishi Shituru, kwenye zile nyumba za zamani za kampuni, za matofali, zimepangwa mstari kama askari, na ukitoka uani unaona bomba la moshi la kiwanda cha shaba. Naishi na baba yangu, ambaye sote tunamwita Papa. Mama alishatutangulia. Kaka yangu mkubwa, Yaya Pascal, anakaa mtaa wa pili na familia yake. (Kwetu "yaya" ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto, msije mkashangaa.)

Papa alikuwa mtu wa reli tangu ujana hadi alipostaafu. Ukimwona ungempenda. Mrefu, anaongea kwa sauti ya chini, na kila siku amevaa koti la bluu la kazi hata kama anakwenda kununua chumvi.

Mimi nilisoma kemia ya viwandani, nikapata diploma. Diploma ikakaa ukutani, mimi nikakaa darasani nafundisha hesabu shule ya msingi, nikingoja milango ifunguke.

Siku moja kiwanda kimoja, jina naliacha, kikatangaza nafasi za maabara. Tukaitwa. Nilikesha na kemia yangu, asidi na besi, nikaingia pale kichwa kimejaa.

Hawakuuliza kemia hata kidogo.

Walitugawia karatasi ya kitu kinaitwa test psychotechnique. Kwa asiyejua, ni maswali ya kufikiri tu. Unapewa namba zinazofuatana, utaje inayokuja. Unapewa watu wamekaa mezani, useme nani yuko karibu na nani. Unapewa sentensi mbili, useme ya tatu ni kweli, ni uongo, au haijulikani.

Nilianguka. Sikukaribia hata mlango.

Niliumia kwa sababu sikujua nilianguka wapi. Kemia ningejua. Nikamwuliza rafiki niliyesoma naye, ambaye tayari yuko ndani ya kiwanda hicho. Akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Fifi, bale habatafute muntu mwenye kujua. Banatafuta muntu mwenye hakimbilie jibu."

Akaniambia pia kwamba nafasi zitatoka tena, nifanye mazoezi.

Basi nikaanza. Nilipakua mafumbo kwenye simu, mengine nikayatunga mwenyewe kwa kufuata yale niliyoyaona. Jioni baada ya shule nakaa barazani na Papa, meza ndogo katikati, na bakuli la vifuniko vya chupa. Kila kifuniko ni mtu. Ukiambiwa fulani hakai karibu na fulani, unasogeza vifuniko mpaka viridhike.

Hapa niseme kitu kuhusu Papa, kwa sababu bila hicho hamtaelewa mbele.

Akili yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Kidogo kidogo. Anauliza mbwa amekula, mbwa aliyekufa nikiwa msichana mdogo. Ananiita kwa jina la mama yake. Anaweza kukueleza vizuri jinsi daraja fulani lilivyojengwa, halafu asijue kama amekunywa chai. Daktari wa zahanati alituambia ni uzee wa ubongo, dawa ya kuurudisha nyuma hana, ila tumshughulishe na tuongee naye.

Kwa hiyo mafumbo yale yalikuwa ya wawili. Mimi natafuta kazi, Papa anatafutiwa kampani.

Na nisidanganye, nilikuwa na tumaini la siri kwamba yatamrudisha.

Jioni moja nikamsomea hili: mafundi wote wa kiwanda huvaa helmeti. Bwana Kabwe amevaa helmeti. Je, bwana Kabwe ni fundi wa kiwanda?

Mimi nilikuwa nimeshajibu ndiyo moyoni, zamani sana.

Papa akafikiri, akasema, "Anaweza kuwa muntu wa moto."

Moto kwetu ni pikipiki ya abiria. Nikacheka. Nikaangalia jibu kwenye simu: haijulikani. Papa alikuwa sahihi. Helmeti haikwambii mtu ni nani.

Nikarudi nyuma kichwani kwenye ile test niliyoanguka. Wakuu, sikuwa nimeweka alama kwenye "haijulikani" hata mahali pamoja. Hata mara moja! Mimi ni mwalimu, mwalimu hapendi kusema sijui. Kila swali nililipa jibu kwa nguvu, kama mtu anayelisha mtoto asiye na njaa.

Kuanzia jioni ile nikajiwekea sheria. Kabla ya kujibu najiuliza: hiki nimekiona, au nimekidhani? Ukikaa na swali hilo kwa dhati utashangaa jinsi mambo mengi unayoyajua hukuyaona kamwe.

Lingine lilikuwa la sokoni. Mama watatu wamekaa mstari mmoja, mmoja anauza kapenta (dagaa), mmoja makala (mkaa), mmoja nyanya. Wa nyanya hakai pembeni. Wa kapenta hakai kulia. Nani yuko wapi?

Rahisi, nyanya katikati, kapenta kushoto, makala kulia. Nikapanga vifuniko haraka, najisikia bingwa.

Papa akauliza, "Kulia ya nani? Ya mwenye kuuzisha ao ya mwenye kuuza?"

(Kwetu "kuuza" ni kununua na "kuuzisha" ndiyo kuuza. Ndiyo, najua, mnaweza kutucheka.)

Nikageuza uso wangu upande wake wa meza, nikaona vifuniko vimebadilika. Kweli, inategemea umesimama wapi. Papa alikuwa amezoea, reli ina kulia ya anayekuja na kulia ya anayekwenda.

Jioni nyingine hakuweza chochote. Anashika kifuniko anakizungusha kwenye vidole, anakitazama kama sarafu ya nchi ya mbali. Sikumlazimisha. Tulikaa tu, vumbi la malori likipita, mpaka baridi ikaturudisha ndani.

Wiki zikaenda. Mimi nilikuwa napanda, hilo nililiona wazi. Papa alikuwa anashuka, na hilo nalo nililiona, ingawa nilijitahidi kulidhania vingine.

Ikafika siku ya test ya pili.

Niliamka mapema, nikavaa sketi nyeusi na viatu vya kisigino, nikachukua mkoba. Papa alikuwa kitandani macho wazi. Ving'ora vya kiwanda vikalia, vile vya kuita zamu ya asubuhi. Nikamwambia, "Papa, niko naenda. Mama Odile atakuya kukuangalia."

Akasema, "Kazi muzuri, mama." Kwetu baba humwita binti yake mama, hasa akiwa amepewa jina la bibi.

Mama Odile ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, mtu wa kanisa, mwenye moyo mkubwa. Tulikuwa tumekubaliana ataingia na uji jua likishapanda.

Huko kwenye test walituzimisha simu. Nilipotoka mchana na kuwasha, ikaanza kutetemeka mkononi bila kupumzika. Yaya Pascal, Mama Odile, Yaya Pascal, Yaya Pascal.

Nikampigia kaka.

"Papa hayuko," akasema. Nasikia upepo, yuko juu ya pikipiki. "Mama Odile alikuta mulango wazi. Alienda Kambove. Niko mu njia."

"Nani alimuona anaenda Kambove?"

"Mama Odile, ku kona. Na Fifi, alikuwa anasema Kambove kila siku! Kwa Tantine. Fasi ingine ataenda wapi?"

Ni kweli. Shangazi yetu anaishi Kambove, mji wa machimbo upande wa magharibi, na Papa alikuwa akimtaja sana majuma yale. Na njia ya Kambove ina malori makubwa, yanapita kwa kasi. Mzee wa miguu pembeni mwa njia ile, kichwa hakiko pamoja naye... Sikutaka kuliendeleza wazo.

Nilifika nyumbani mbio. Mama Odile alikuwa amesimama uani mikono kichwani, analia.

"Unisamehe, mama. Nilikuya na uji, nikakuta kitanda bule."

"Mama Odile, hapana kulia. Unisaidie. Yaya anasema ulimuona anakamata njia ya Kambove."

"Nilimuona, ndiyo. Asubui, mbali, pale ku kona."

"Ulimuona uso?"

Akashusha mikono kutoka kichwani.

"Nilimuona mugongo. Koti yake ya bleu."

Wakuu, asubuhi Shituru, wakati wa zamu, kila mgongo ni wa bluu. Sikumlaumu. Hata mimi ningeona koti lile ningesema ni Papa. Lakini moyoni nikaweka alama pale ambapo zamani nilikuwa siweki: haijulikani.

Nikaingia ndani. Nataka niwaambie jinsi nilivyofanya, kwa sababu ndiyo sababu ya uzi huu. Mwili wangu ulitaka kukimbia. Ulitaka kurukia pikipiki yoyote, kuelekea popote, ili mradi nisogee. Nikaulazimisha usimame katikati ya chumba cha Papa, nikaangalia vitu kimoja kimoja kama ninavyoangalia vifuniko.

Kofia yake ya Jumapili ipo msumarini. Viatu vyake vya kanisa vipo chini ya kitanda. Papa hajawahi kwenda kwa dada yake bila kofia ile. Hata leo akisahau majina ya wajukuu, kofia hasahau.

Buti zake nzito, zile za kazi, hazipo. Koti halipo.

Nikaenda jikoni. Bukari ya jana niliyoifunika, yaani ugali, haipo. Na gamele yake, lile kopo la bati la kubebea chakula, ambalo mimi hulitumia kuwekea vitunguu, halipo. Vitunguu vimemwagwa vizuri ndani ya sahani.

Hapo ndipo nilipopata pa kushika.

Nani anabeba ugali kwenda kwa dada yake? Ukifika kwa dada yako ukiwa na chakula chako umemtukana. Mtu anabeba bukari akienda mahali ambapo hakuna wa kumpikia.

Mtu anabeba bukari akienda kazini.

Na asubuhi ile kuna kilichobadilika nyumbani. Ving'ora hulia kila siku. Ila siku hiyo alinisikia naaga, akaniona nimevaa, mkoba begani. King'ora kimelia, mtu wa nyumba anakwenda kazini. Papa naye akaamka akaenda kwake.

Sasa kazini ni wapi? Miaka yake ya mwisho alifanya ofisini, kwenye gare, yaani stesheni ya treni. Ningeweza kukimbilia pale. Lakini gare wote wanamjua, wengine aliwafundisha kazi, na wanajua hali yake. Angefika pale wangempigia Yaya kabla hajakaa chini. Hakuna aliyepiga. Kimya nacho ni jibu, ukikisikiliza.

Na Papa siku hizi habebi ya karibuni, anabeba ya zamani. Mbwa wa zamani, mama yake wa zamani. Kwa hiyo na kazi itakuwa ya zamani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kibanda cha kubadilishia njia za treni, upande ule reli ya kiwanda inapoachana na njia kubwa. Alitupeleka tukiwa watoto. Kibanda kiliachwa siku nyingi. Reli yenyewe bado inafanya kazi, treni za mizigo hupita zinapopita, hakuna anayejua saa.

Nikamwambia Mama Odile abaki nyumbani asitoke, mtu akija au Papa akirudi apige simu. Kwa Yaya Pascal sikusema ageuze. Sikuwa na hakika, na mtu mmoja lazima aifute Kambove kabisa. Kufuta jibu moja nako ni kazi.

Nikachukua moto. Dereva alikuwa Papa Mathieu, baba wa makamo tunayesali naye, namshukuru mpaka kesho. Nikamweleza njiani, akaongeza mwendo bila kuuliza swali.

Barabara inaishia mbali kidogo na reli. Pale nikavua viatu, nikapita kwenye nyasi.

Kibanda hakina paa. Mlango ulishang'olewa, vyuma vya kubadilishia njia vimekatwa, vimebaki visiki vyenye kutu.

Papa alikuwa ndani, amekaa juu ya tofali, mgongo umenyooka, gamele juu ya magoti. Hajala. Anaangalia reli.

Siwezi kuwaelezea.

"Papa."

Akageuka. Hakushangaa. "Umechelewa," akasema.

"Papa, ni minye, Fifi. Tuende ku nyumba."

"Niko ku kazi."

"Papa, kazi uliisha kuacha zamani. Uko ku pension. Angalia, hii nyumba haina hata paa."

Akatazama juu, mbingu tupu. "Banaitengeneza," akajibu.

Nikamshika mkono, akautoa. Sauti yake, ile ya chini siku zote, ikapanda.

"Hapana kunivuta! Muntu hatoke ku poste bila relève. Treni iko inakuya, poste haina muntu, bantu banakufa. Weye unataka bantu bakufe?"

Poste ni kituo cha zamu, na relève ni yule anayekuja kukupokea zamu. Na Papa alikuwa amesimama sasa, hatua chache tu kutoka kwenye reli, ana hasira, na mimi ndiye niliyemtia hasira hiyo.

Nikaacha kumvuta.

Nikajiona jinsi ninavyobishana naye. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna kilichomsaidia. Kwenye mafumbo, wakuu, hugombani na masharti. Ukiambiwa mwuza nyanya hakai pembeni, husemi mbona juzi nilimwona pembeni. Unakubali, unafikiri kutokea hapo. Papa alishanipa masharti yake yote, waziwazi kabisa. Yuko kazini. Hawezi kuondoka bila relève.

Basi kinachokosekana ni relève tu.

"Papa," nikasema, "njo nimekuya. Minye niko relève."

Akanitazama. Sketi nyeusi, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini.

"Weye?"

"Minye."

"Mwanamuke?"

"Babadilisha, Papa. Sasa banakamata na banamuke."

"Nani alikutuma?"

"Ku gare."

Akatazama reli pande zote mbili. Halafu nikaona mabega yake yanashuka, taratibu, kama mtu aliyewekewa chini mzigo.

"Bon. Simama hapa."

Nikasimama mahali aliponionyesha. Akanikabidhi zamu. "Njia ya kiwanda iko wazi. Ile kubwa, hapana kuifungua mbele ya kusikia simu. Chuma ya mwisho iko nguvu, unaivuta na mwili, hapana na mukono. Rudilia."

Nikarudia. Nikasahau ile ya simu. ("Mbele ya" kwetu ni kabla ya.)

"Hapana," akasema, bila ukali, kama mwalimu. "Mbele ya kusikia simu, hapana kufungua."

"Mbele ya kusikia simu, hapana kufungua."

"Njo vile."

Akachukua gamele yake, akatoka. Mimi kwa furaha nikamfuata.

Akageuka. "Weye unaenda wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye pikipiki.

"Ulikamata poste sasa hivi, unaiacha?"

Hapo nikajua nimejifunga mwenyewe. Mimi ndiye relève. Relève haondoki. Nikimfuata, anarudi kukaa kwenye tofali, na safari hii hatoniamini tena.

Nikapaza sauti kwa Papa Mathieu kule barabarani: "Papa Mathieu! Mumupeleke chef ku nyumba, kwa Mama Odile! Polepole!"

Mungu ambariki yule baba, alielewa papo hapo. Alishuka kwenye pikipiki, akaja mpaka kwenye nyasi, akavua kofia. "Chef, kazi ilikuwa mingi leo. Kuya, nikufikishe."

Papa akamwendea. Akapanda. Kabla hawajaondoka akageuka kunitazama.

Nikanyooka.

Pikipiki ikaondoka, ikapotea nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekuwa ananiangalia sasa, ningeweza kwenda. Sijui kwa nini sikuondoka. Nilibaki pale nilipowekwa, kati ya kuta zisizo na paa, nalinda vyuma visivyokuwepo.

Nikampigia Yaya Pascal. Alikuwa ameshafika kwa Tantine, sauti imekauka. Nikamwambia Papa amepatikana, yuko salama, anakwenda nyumbani. Kaka yangu ni mtu mgumu, halii mbele ya watu. Nikasikia anamwambia Tantine kwamba Papa yuko salama.

"Na weye uko wapi?" akauliza mwishoni.

"Niko ku poste ya Papa."

Hakucheka. Akasema, "Sawa."

Reli ikaanza kuimba, ile sauti nyembamba kabla hujaona kitu. Treni ya mizigo ikaja polepole, mabehewa mengi, kutu na vumbi. Dereva alimwona mwanamke mwenye sketi ya ofisi amesimama wima ndani ya gofu, mkono mmoja viatu, mwingine ameuinua juu. Akapiga honi.

Nilingoja behewa la mwisho lipite. Halafu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Papa nilimkuta anakula, Mama Odile amekaa naye. Hakukumbuka chochote. Akanitazama miguu.

"Ulitoka wapi na mavumbi yote hii?"

"Ku kazi, Papa."

"Ilikuwa muzuri?"

"Muzuri, Papa."

"Kuya ukule."

Wakuu, ile test nilipita. Baadaye wakatuita kwenye mahojiano, nikapita pia, na sasa niko kwenye kipindi cha majaribio maabara. Kwenye karatasi ile niliweka "haijulikani" mara nyingi kuliko nilivyowahi kuthubutu, na nadhani ndizo zilizonipitisha. Nasema nadhani, kwa sababu hawakuturudishia karatasi.

Sasa nimjibu yule mdau aliyeuliza.

Je, mafumbo yananoa akili? Yangu yalinoa. Si kwamba nimekuwa genius, bado nasahau nilipoweka ufunguo. Yalinifundisha kusimama kidogo kati ya kusikia na kuamini. Siku ile kusimama kule kulichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu, na bila huko kusimama ningekuwa njiani kwenda Kambove, nalia juu ya pikipiki, wakati baba yangu amekaa kando ya reli.

Lakini asije mtu akakuuzia kwamba mafumbo yanaponya uzee wa ubongo. Papa hakupona na hatapona. Nimelia kwa hilo, nimemaliza, au nimepumzika. Tumeweka kufuli jipya, majirani wote na watu wa gare wana namba zetu, na asubuhi natoka bila kuaga kwa sauti.

Na somo kubwa kwangu si hata lile la kutafuta. Ni lile la pale kibandani. Mgonjwa wa aina hii ukimwambia ukweli wako unamfukuza. Uliza kwanza yeye yuko wapi, uende mpaka huko, ndipo mrudi wote. Yaya Pascal anasema nilimdanganya mzee. Sijui. Nilisimama pale kweli, na treni ilipita kweli.

Wenye wazazi wa namna hii humu ndani, mnaishije? Mnafunga mlango, au mna njia nyingine yenye heshima zaidi? Na kama kuna daktari au mtu aliyesomea mambo haya, anirekebishe nilipokosea, sitakasirika.

Nasoma comment zote. Nikikawia kujibu, mjue Papa ameamka.